Osileta mbili za maabara kutoka Gikomba: je, zinaweza kuandamana na orutu?

Mgeni wa Umoja

Salamu kwenu wanajukwaa. Mimi ni mpiga kinanda na mtunzaji wa mitambo ya sauti kanisani, na jioni humsaidia rafiki yangu, ambaye ni mpiga orutu, ile fidla ya Waluo, kurekodi nyimbo zake katika chumba tulichokiziba kwa magodoro ya zamani mtaani Umoja. Majuma machache yaliyopita nilikuwa katika soko la Gikomba, Nairobi, nikitafuta vyuma vya kutengenezea stendi za spika, na kwa mnunuzi mmoja wa vyuma chakavu nikakuta visanduku viwili vizito vikisubiri kuvunjwa ili shaba ya transfoma itolewe na kuuzwa kwa kilo. Kimoja ni osileta, yaani chombo cha kutoa toni za kupimia, ya Hewlett-Packard, muundo wa 200CD, yenye duara kubwa la namba kuanzia 5 hadi 60 na swichi ya kuzizidisha namba hizo. Cha pili ni jenereta ya mawimbi ya Wavetek, na sisemi jenereta ya petroli, kama mke wangu alivyodhani aliponiona nikiipandisha ngazi, bali chombo kinachotoa mawimbi ya sini, ya mraba na ya pembetatu kwa ajili ya kupima mitambo mingine. Nilivilipia vyote viwili kwa bei ya chuma.

Nimesikia kwamba wapo watu wanaopiga muziki kwa vyombo vya kupimia vya namna hii, na ninaomba mwongozo. Osileta ya Hewlett-Packard sijaiwasha, kwa sababu kibati cha nyuma kinasema 115 V ilhali umeme wetu ni 240, na pia kwa sababu ndani mna valvu, yaani zile taa za kioo za elektroniki za kizamani, pamoja na vumbi ambalo naamini lilianza kutua humo kabla sijazaliwa. Ile ya Wavetek inaruhusu 230 V, kwa hiyo niliiwasha na kuiunganisha na miksa kwa waya wa kawaida, ikalia vizuri, ila taa nyekundu za miksa zilikataa kuzimika. Kisha nikafanya jaribio lililonichanganya. Niliazima sintesaiza ndogo inayotoa volti moja kwa kila oktava, nikaiingiza katika tundu la Wavetek lililoandikwa VCG, la kuongozea masafa kwa volti, nikapiga wimbo mwepesi ambao mtoto yeyote wa Shule ya Jumapili angeutambua. Hakuna aliyeutambua. Noti zilipanda zilipotakiwa kupanda na kushuka zilipotakiwa kushuka, lakini umbali kati ya noti na noti ulikuwa umepotoka kabisa. Je, chombo ni kibovu, au ni mimi nisiyejua ninachofanya? Na je, kuna namna ya kuviandamanisha vyombo hivi na orutu, ambayo ina uzi mmoja tu na haina vituo vya kudumu vya noti?

Fundi wa Laini

Kijana wangu, ulifanya vyema kutoiwasha hiyo ya valvu. Nilipima laini za simu kwa miaka mingi, tangu enzi za shirika la posta na simu kabla halijagawanywa mwaka 1999, na osileta za aina hiyo ndizo tulizoshinda nazo kutwa: unaingiza toni ya 800 au 1000 Hz (mitetemo kwa sekunde) upande huu wa laini, na mwenzako aliye upande wa pili anasoma kwenye mita ni kiasi gani kimepotea njiani. Ndiyo sababu mtoko wake umetengenezwa kwa omu 600. Hiyo ni desturi ya simu, na miksa yako haiitaji hata kidogo.

Anza na transfoma. Vyombo vingi vya Marekani vya wakati ule vina mizingo miwili upande wa kuingilia umeme, ambayo huunganishwa sambamba kwa 115 V na mfululizo kwa 230 V. Vitabu vya zamani vya Hewlett-Packard hupatikana bure katika intaneti, kwa hiyo tafuta mchoro wa chombo chako, ukaufuate, wala usibahatishe kwa kuangalia rangi za waya. Na ukishabadilisha mizingo, weka fyuzi yenye nusu ya ampea za awali. Kama hilo litakushinda, tafuta transfoma ya kushusha umeme, maana ukienda kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue na wati za chombo chako zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi hutarudi mikono mitupu.

Hata baada ya hapo usiichomeke moja kwa moja ukutani. Unganisha balbu ya kizamani yenye waya wa kuwaka, ya wati 60 au 100, mfululizo na chombo. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii. Ikiwa ndani mna shoti, balbu itawaka kwa nguvu zote na kuuzuia umeme kabla transfoma haijaungua, na ikiwa hamna, itamulika kidogo kisha ififie. Kapasita za elektroliti zilizokaa miongo kadhaa bila umeme huwa zimekauka, na zile za karatasi huvujisha, hivyo uwe tayari kuzibadilisha. Kumbuka pia kwamba ukichomoa plagi, kapasita zinaweza kubaki na mamia ya volti. Zimalize kupitia rezista ya kilo-omu chache yenye wati 5 au zaidi, pima mpaka mita isome karibu na sifuri, ndipo utie mkono. Mimi hutia mkono mmoja tu, na wa pili huwa mfukoni. Na waya wa ardhi usiukate kamwe, hata atokee mtu wa kukushauri kwamba ndiyo dawa ya mngurumo, kwa maana sanduku lote ni chuma.

Taa nyekundu za miksa zina sababu nyepesi. Hiyo 200CD hutoa volti 10 ikiwa na mzigo wa omu 600, na karibu 20 ikiwa haina mzigo, na Wavetek nayo haiko mbali, wakati miksa inatarajia volti moja hivi. Weka rezista ya kilo-omu 22 mfululizo na nyingine ya kilo-omu 1 kwenda ardhini, kisha uchukue sauti pale zinapokutana, na zile volti 20 zitakuwa chini kidogo ya 0.9. Mbele ya hizo tia kapasita ya maikrofaradi 1, kwa sababu jenereta za mawimbi zina kitufe cha kuongeza umeme wa mkondo mnyoofu ambao hutaki ufike kwenye miksa.

Ukiifungua osileta utakuta kibalbu ambacho hakimulikii mtu. William Hewlett alikitumia katika osileta ya kwanza ya kampuni, 200A ya mwaka 1939: wimbi likikua kupita kiasi kibalbu hupata joto, ukinzani wake hupanda, na wimbi linarudishwa mahali pake bila saketi nyingine yoyote. Studio ya Walt Disney ilinunua nane za muundo uliofuata, 200B, kwa ajili ya mitambo ya sauti ya filamu ya Fantasia. Kwa hiyo ukibadilisha safu ya masafa na kusikia sauti ikiyumba kabla ya kutulia, usiite fundi. Kibalbu kinatafuta joto lake.

Mwalimu Mawimbi

Wavetek yako ni nzima, na kutoelewana ulikokusikia ni kwa lugha mbili za volti. Sintesaiza nyingi hufuata kanuni ambayo mtengenezaji wa sintesaiza Robert Moog aliieneza kuanzia miaka ya 1960, kwamba kila volti moja inayoongezwa huzidisha masafa mara mbili. Tundu la VCG halizidishi bali hujumlisha, yaani kila volti huongeza idadi ileile ya Hz popote ulipo kwenye ngazi, kwa sababu mhandisi aliyekitumia chombo hiki alitaka kufagia masafa kwa mstari ulionyooka na kuchora grafu. Wimbo wa Shule ya Jumapili haukuwamo katika mahitaji yake. Kinanda cha Korg MS-20, ya mwaka 1978, hutoa volti zinazofuata mfumo huu wa kujumlisha, na kingeweza kuipigisha Wavetek noti zinazotambulika. Si lazima uende kukitafuta.

Hebu nikuonyeshe kitu ambacho huwafurahisha wanafunzi wangu. Zungusha duara la Wavetek hadi karibu na sifuri ili masafa yote yatoke kwenye volti unayoingiza, kisha rekebisha kwa potensiometa, yaani rezista ya kuzungusha, mpaka hatua moja ya volti ilete 220 Hz. Hatua ya pili italeta 440, ambayo ni oktava. Ya tatu italeta 660, ya nne 880, ya tano 1100. Hizo ni harmoniki za 220, zilezile ambazo uzi wowote huzitoa ukiugusa kidogo tu kwenye nusu yake, theluthi yake na robo yake. Rafiki yako mpiga orutu anazijua kwa vidole hata kama hajawahi kuziandika. Kwa maneno mengine, chombo ulichokidhania kibovu kina ngazi yake, na ngazi hiyo iko karibu zaidi na uzi wa orutu kuliko ilivyo ile ya kinanda chako cha kanisani.

Kuhusu 200CD, usitegemee namba zilizoandikwa kwenye duara kwa kuipatanisha. Usahihi wake ni asilimia 2, ambao kwa mhandisi wa simu ulitosha kabisa, lakini asilimia 2 ya 440 Hz ni karibu 9 Hz, yaani theluthi ya nusu-toni, na hilo kila sikio hulisikia. Isitoshe, valvu zikiwa zinapata joto masafa hutambaa, kwa hiyo iwashe nusu saa kabla ya kurekodi. Ukibahatika kupata osiloskopu, ingiza chombo kimoja upande wa mlalo na kingine upande wa wima: masafa yakiwa katika uwiano kamili wa 3 kwa 2, utaona umbo lililosimama tuli kama ukili uliosukwa, na yakipotoka hata kwa sehemu ndogo ya Hz moja, umbo hilo litaanza kugeuka polepole.

Kanda na Mkasi

Ndugu Mgeni, waliotangulia wamekueleza umeme, nami nitasema machache kuhusu muziki wenyewe, kwa sababu nimeona watu wengi wakinunua osileta, wakaisikiliza kwa dakika tano, wakaifanya meza ya kuwekea kikombe. Tatizo ni kwamba chombo cha kupimia hakijui kuanza wala kumaliza. Ngoma inapigwa kisha inafifia, uzi unasuguliwa kisha unanyamaza, lakini osileta inalia vilevile tangu unapoiwasha hadi unapoizima, na hiyo ndiyo sifa iliyouzwa nayo. Kazi yako yote ni kukata.

Waliokuwa na studio za mwanzo walikata kwa wembe. Katika studio ya redio ya Köln, Ujerumani, iliyoanza mwaka 1951, hakukuwa na sintesaiza, bali vyombo vya maabara ya redio: jenereta za toni, vichujio, mita. Mtunzi Karlheinz Stockhausen alijenga humo kazi nzima mwaka 1953 kwa mawimbi ya sini matupu, akiyarekodi moja juu ya lingine. Huko London, katika karakana ya sauti ya BBC iliyofunguliwa mwaka 1958, Delia Derbyshire aliupa uhai muziki wa kipindi cha televisheni cha Doctor Who mwaka 1963, uliotungwa na Ron Grainer, kwa osileta za kupimia na uzi mmoja uliodonolewa, kila noti ikirekodiwa peke yake, ikakatwa kwa urefu wake na kuunganishwa na nyenzake kwa gundi. Wewe una kompyuta badala ya wembe, lakini kazi ni ileile. Rekodi dakika ishirini za toni moja ukiwa unasogeza mkono polepole, kisha keti ukate.

Na kama kuna mtu atakayekuambia kwamba mambo haya ni ya Wazungu, mwambie kuhusu mtunzi Halim El-Dabh wa Cairo. Hakutumia osileta, lakini mwaka 1944, miaka minne kabla ya majaribio mashuhuri ya Paris ya kutunga muziki kwa sauti zilizorekodiwa, aliazima rekoda ya waya kutoka kituo cha redio, akarekodi ngoma ya zaar, ambayo mtu wa pwani ataielewa upesi kwa kuwa ni jamaa ya ngoma zetu za pepo, kisha akaichakata studioni mpaka sauti za msingi zikapotea na kubaki mwangwi wake.

Ukiwa na vyombo viwili jaribu pia njia ya mtunzi wa Marekani Pauline Oliveros, aliyefanya kazi huko San Francisco mwaka 1965 kwa osileta mbili za Hewlett-Packard, amplifaya mbili, mashine mbili za kanda na gramafoni. Weka kimoja kwenye 40,000 Hz na kingine kwenye 40,300, masafa ambayo hakuna sikio la binadamu linaloyafikia, uyachanganye kwenye miksa, na utasikia toni ya 300 ikitokea kama imetoka hewani.

Mwalimu Mawimbi

Ninakubaliana na Kanda na Mkasi kwa yote isipokuwa aya ya mwisho, ambayo ikifuatwa ilivyo inaweza kuunguza spika. Miksa nzuri hujumlisha tu, na ukijumlisha 40,000 na 40,300 unapata mawimbi hayohayo mawili, hakuna 300 ndani yake. Ili tofauti izaliwe ni lazima mahali fulani pawe na kitu kinachopotosha. Oliveros alikuwa nacho: mashine zake za kanda zina osileta ya ndani ya bayasi, yaani ya kusaidia kanda ishike sauti vizuri, inayofanya kazi juu ya usikivu wetu, na toni zake ziligongana na hiyo. Bila kanda, tumia saketi ya dayodi nne na transfoma mbili ndogo za sauti, inayoitwa ringi moduleta, ambayo hutoa jumla na tofauti: ingiza 440 na 300, upate 740 na 140. Lakini usipeleke masafa ya juu hivyo kwenye spika, kwa sababu spika ndogo ya sauti nyembamba inaweza kuungua kimya kimya huku wewe ukiongeza sauti kwa kudhani kwamba hakuna kinachotoka.

Toni zilizo karibu na zinazosikika hazihitaji saketi yoyote. Weka moja kwenye 220 na nyingine kwenye 223, utasikia toni moja inayopumua mara tatu kwa sekunde. Kwa maoni yangu hapo ndipo orutu itakapoingilia.

Mlinzi wa Vipimo

Nina ombi moja tu. Msitoboe sanduku la hiyo 200CD ili kuweka matundu ya jeki. Kuna vijana wanaosomea elektroniki hapa Nairobi ambao hawajawahi kuona osileta ya valvu inayofanya kazi, na chombo kilichotobolewa hakirudishiki. Kigawanyo cha Fundi, zile rezista mbili na kapasita, kinaenea katika kisanduku kidogo cha pembeni.

Mgeni wa Umoja

Nimerudi na taarifa, na samahani kwa kimya. Sikutoboa chochote. Mizingo ya transfoma niliibadilisha kwa mchoro nikiwa na fundi wa redio wa mtaani kwetu, balbu ikamulika na kufifia kama ilivyotabiriwa, na kapasita mbili za karatasi tulizipata zimepasuka, tukazibadilisha. Osileta ililia mara ya kwanza jioni ya Jumamosi. Majirani walidhani ni televisheni ya zamani kabla ya matangazo kuanza.

Rafiki yangu aliposikia nimeipatanisha kwa 440 alikataa kuigusa orutu. Alisema yeye hapatanishi uzi kwa mashine, na akaniagiza niizungushe mashine imfuate yeye. Nilifanya hivyo, na uzi wake wazi ukaangukia kati ya noti mbili za kinanda, mahali ambapo kinanda changu hakifiki kamwe. Kisha tukaiweka Wavetek karibu na hapo, tofauti ya mapigo mawili hivi kwa sekunde, na akaanza kupiga. Sikumweleza habari za mapigo. Baada ya dakika chache niliona anatelezesha kidole kuelekea toni, anayafanya mapigo yapungue kasi hadi karibu kusimama, halafu anakiondoa kabla hayajasimama, na mguu wake wenye njuga unafuata mwendo huo wa mashine badala ya ule aliouzoea. Tulirekodi dakika arobaini na moja. Ngazi ya harmoniki ya Mwalimu tuliijaribu pia, lakini iliishinda orutu kwa sauti, nayo nitairudia siku nyingine kwa wimbi la sini badala ya la mraba.

Limebaki jambo moja. Kuna mngurumo mwembamba katika rekodi yote, na programu ya simu inaonyesha ni 100 Hz. Je, ni waya wa ardhi?

Fundi wa Laini

Hapana. Ingekuwa 50 Hz ningekuambia ukague nyaya na jinsi vyombo vyako vinavyoshiriki ardhi. 100 Hz ni umeme uliokwisha kugeuzwa kuwa mnyoofu lakini haujachujwa vya kutosha, kwa hiyo kapasita kubwa za elektroliti za osileta ndizo zimechoka. Zibadilishe, na usisahau kuzimaliza umeme kwanza.

Mgeni wa Umoja

Asante sana, Mzee. Tatizo ni kwamba 100 Hz iko juu kidogo tu ya noti ya G, na rafiki yangu amekwisha kuizoea. Katika sehemu ya mwisho ya wimbo anaiimbia kabisa.

Fundi wa Laini

Basi rekodi mngurumo peke yake dakika kumi, uuhifadhi, ndipo ubadilishe kapasita.